Asipofika, Nani Atauliza?

Kila tarehe 3 Disemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mambo huwa yaleyale katika miji yetu mingi. Basi la kukodi linapita kuchukua watu, fulana zenye nembo ya mfadhili zinagawiwa, mgeni rasmi anachelewa, ngoma inachezwa, risala inasomwa, pilau inaliwa, picha zinapigwa. Jioni basi linarudisha kila mtu kwao. Siisemi siku hiyo kwa ubaya, kwa maana kuna wanaopanda basi lile ambao safari zao nyingine zote za mwaka ni za hospitali. Lakini ikiwa mtu mzima anatoka mara moja kwa mwaka, anatoka na wenzake wenye ulemavu tu, na anarudi bila kujuana na mtu mpya hata mmoja, ametoka kweli?

Kipimo ninachokitumia ni chepesi. Mtu akikosekana mahali, nani atauliza yuko wapi? Muuza kahawa akiuliza, mweka hazina wa kikoba akipiga simu, mwalimu wa kwaya akilalamika kwamba besi imepwaya, huyo ana watu. Asipoulizwa na yeyote ila mama yake na mratibu wa mradi, basi matembezi yake yote, hata yawe mengi vipi, yalikuwa usafiri tu. Kwa kipimo hicho, mengi tunayoyaita ujumuishi hayafiki mbali, na sababu yake kubwa haiko kwenye ngazi za majengo, ingawa ngazi ndizo zinazoonekana kwanza.

Tuanze na wasioonekana kabisa. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipata kwamba asilimia 3.5 ya watu walikuwa na ulemavu. Ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote ni kama asilimia 16, yaani mtu mmoja kati ya sita. Wataalamu wa takwimu wana maelezo yao: maswali yalibadilika, kiwango cha kumhesabu mtu kuwa na ulemavu kilibadilika, umri wa kuanzia ulibadilika. Sawa. Lakini karani wa sensa huuliza mlangoni, na anayejibu ni mwenye nyumba. Kama chumba cha nyuma hakitajwi kwa majirani, kwa nini kitajwe kwa karani? Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 kuhusu watu wenye ulemavu ililijua hilo, ikakataza waziwazi mzazi, mlezi au ndugu kumficha mtu mwenye ulemavu kiasi cha kumnyima nafasi na huduma. Hakuna anayetunga katazo la jambo lisilotendeka.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na mengi mazuri. Iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha na wenye magari ya abiria miaka 2. Ikasema pia kwamba mtu mwenye ulemavu atatumia bure viwanja na sehemu za burudani za serikali. Aliyewahi kupanda matatu Nairobi anajua ile miaka 2 iliishia wapi. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na mwaka uliofuata ikatunga Sheria Na. 9 ya 2010. Mkataba huo una Ibara ya 19 inayozungumzia kuishi ndani ya jamii, na Ibara ya 30 inayotaja utamaduni, mapumziko, burudani na michezo. Kwa hiyo kwenda kutazama mpira, kula mishikaki Forodhani au kukaa ukumbini hadi usiku wa manane ni haki iliyoandikwa. Kwenye karatasi hatuna deni kubwa.

Sasa chukua jioni moja ya Jumamosi, Dar es Salaam. Mwanamke anayetumia kiti mwendo anaishi Kimara, ndani huko ambako barabara ni ya vumbi, na amealikwa harusi kwenye ukumbi wa Sinza. Kutoka nyumbani hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi anahitaji bajaji, tena bajaji ya dereva anayekubali kukunja kiti na kukifunga nyuma kwa kamba bila kukitoza kama gunia. Kituoni mambo yananyooka. Mabasi haya, yaliyoanza kazi Mei 2016, yana vituo ambavyo sakafu yake iko usawa wa sakafu ya basi, kwa hiyo gurudumu linavuka bila mtu kubebwa. Kama si saa ya watu kutoka kazini, anafika Shekilango akiwa mtu mzima mwenye nauli yake, na hilo peke yake ni jambo kubwa katika jiji ambalo daladala lenye ngazi ndefu na konda mwenye haraka limewafungia wengi ndani kwa miaka. Kutoka Shekilango, bajaji tena. Ukumbini ana ngazi za mlangoni. Vijana wanne wanajitolea kwa moyo safi, wanambeba yeye na kiti chake juujuu mbele ya wageni wote, huku mshereheshaji akiomba makofi. Mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti. Yeye hilo alilijua tangu nyumbani, ndiyo maana hajanywa chochote tangu saa sita mchana, na soda iliyo mbele yake itabaki na kizibo chake.

Mhandisi akiisikia hadithi hiyo atasema tujenge mteremko na tupanue choo. Ni kweli, tujenge, na gharama yake ni ndogo sana ukumbi ukiwa bado kwenye ramani. Lakini katika jioni ile kuna jambo ambalo saruji haiwezi kulimaliza: amefikaje peke yake, na kama hakuwa peke yake, aliyemsindikiza amekaa wapi?

Wanaopanga sherehe za kwetu wanajua kadi ya single na kadi ya double. Mchango wako ndio unaoamua. Mtu asiyeona, au mwenye mtindio wa ubongo, au anayehitaji mkono wa kumhamisha kutoka kitini, akichangia kiasi cha single atapewa kadi ya mtu mmoja, na msaidizi wake ataishia getini na walinzi. Ili aingie anavyohitaji kuingia, achange mara mbili ya mwenzake mwenye kipato kilekile. Kwenye basi nauli ni mbili. Kwenye boti ya kwenda Unguja tiketi ni mbili. Ile ahadi ya Kenya ya kuingia bure viwanjani ilimsamehe kiingilio mtu ambaye mara nyingi hawezi kufika bila mwenzake, na haikumtaja mwenzake.

Jimbo la Victoria, Australia, lilianza mwaka 2003 kutoa kadi ya msaidizi, ambayo baadaye ilienea nchi nzima. Mwenye ulemavu ambaye hawezi kushiriki bila msaada analipa tiketi yake, na msaidizi wake anaingia bila tiketi ya pili, iwe sinema, uwanja wa mpira au makumbusho. Ukilipigia hesabu utaona mwenye ukumbi hapati hasara, kwa sababu bila kadi ile asingeuza hata ile tiketi ya kwanza. Hapa petu haihitaji wizara. Kamati ya harusi inaweza kuandika jina la msaidizi kwenye orodha kwa gharama ya sahani moja. Klabu inaweza kumruhusu jukwaani. Ni uamuzi wa kikao kimoja.

Nchi tajiri zilikwenda mbali zaidi, zikaamua kumlipa msaidizi mshahara, na huko nako kuna somo. Mjini Brighton, Uingereza, kulikuwa na bendi ya panki iliyoitwa Heavy Load, ambayo baadhi ya wanamuziki wake walikuwa na ulemavu wa akili. Waligundua kwamba mashabiki wao wenye ulemavu walikuwa wanaondoka kila saa tatu usiku, muziki ukiwa ndiyo kwanza umenoga. Zamu ya wahudumu iliisha saa nne, basi kila mtu lazima awe ameshafikishwa nyumbani. Kutokana na hapo ikazaliwa kampeni ya Stay Up Late, na baadaye mpango wa kumkutanisha mwenye ulemavu na mtu wa kujitolea anayependa muziki uleule, wakatoka pamoja kwa kupenda. Sisi hatuna zamu wala karatasi ya mshahara. Msaidizi wetu ni mdogo wake, mpwa, au dada wa kazi, na saa ya kurudi inaamuliwa na kaka mwenye usingizi au baba anayefunga geti. Matokeo ni yaleyale: mwenye safari siye anayeamua inaisha saa ngapi. Tofauti ni kwamba wale wana mkataba wa kulalamikia, na wa kwetu akilalamika ataambiwa hana shukrani.

Hapo tumefika kwa familia, na lazima niseme kwa uangalifu, maana familia ndiyo imebeba mzigo wote ambao serikali haijaugusa. Hata hivyo kuna mtu wa miaka 38 anayeitwa "mtoto" mbele ya wageni, anayeagiziwa chakula bila kuulizwa, ambaye muuzaji wa nguo anamuuliza mama yake, "Huyu anavaa saizi gani?" Mmarekani Robert Perske aliandika mwaka 1972 kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumvunjia hadhi, kwa sababu binadamu hukua kwa kuthubutu. Ni rahisi kuyasema hayo kwa mzazi aliye mbali. Ni vigumu kuyasema kwa mama wa binti mwenye ulemavu wa akili, mama anayeujua mtaa wake vizuri na kujua nani amekaa kona gani. Hofu yake ina msingi. Wanawake wenye ulemavu hufanyiwa ukatili wa kingono zaidi kuliko wenzao, na kesi zao mara nyingi huanguka kwa sababu ushahidi wao hauaminiwi. Ndiyo maana ukihesabu wenye ulemavu walioko vijiweni, wengi ni wanaume. Mzazi wa mtu mwenye ualbino naye ana hesabu zake: mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hayajasahaulika, na hata bila hayo, tafrija ya ufukweni saa saba mchana ni hatari ya saratani ya ngozi kwa mwanawe. Waandaaji wanaochagua jua la mchana kwa sababu basi ni nafuu saa hizo wangefaa kuliwaza hilo.

Lakini kumfungia ndani hakumlindi kama inavyodhaniwa. Ukatili mwingi hutendwa na mtu anayejulikana, ndani ya nyumba au jirani yake, na mtu asiyejulikana na wengi ndiye rahisi kudhuriwa bila habari kutoka. Binti anayefahamika sokoni, kanisani na saluni ana macho mengi yanayomwangalia. Wazazi wanaolielewa hili huanza kidogo: dukani peke yake, halafu saluni kwa msusi yuleyule kila wiki mbili, halafu kwaya.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Katika jamii zetu mtu hahesabiwi kwa kuwepo tu. Anahesabiwa kwa kutoa. Jina lako likisomwa kwenye orodha ya mchango wa msiba, likaonekana kwenye kundi la WhatsApp la harusi na tiki pembeni, ukaja kuosha vyombo, ukakesha matangani, hapo ndipo unakuwa mtu wa watu, na siku yako ikifika watakuja. Asiyetoa anavumiliwa kwa muda, kisha anasahaulika. Ni utaratibu mkali, lakini ndio unaotushika.

Mwenye ulemavu anasamehewa. Kamati inapita nyumba kwa nyumba, ikifika kwake mtu anasema, "Huyu tumwache, masikini." Wanaona wametenda wema. Hakuna aliyeuliza kama ana kazi, kama anashona viatu na kuuza, kama ana pensheni. Tangu dakika ile amefutwa kwenye daftari. Hatapigiwa simu kwenye kikao, hatapewa kazi, hatapata kadi, na msiba wake ukitokea watakuja kwa huruma, ambayo haina wajibu. Nimekaa kwenye vikao vya aina hii, na sijawahi kusikia mtu akisema tumpunguzie kiwango. Huwa ni kumwondoa kabisa. Kwa maoni yangu, hakuna ngazi ya jengo iliyowatenga watu wazima wenye ulemavu kama msamaha huu.

Kwa sababu hiyo naamini kazi ya kwanza ya anayetaka kuwaunganisha watu ni kuwarudishia deni. Kikoba kimpe hisa ndogo na faini akichelewa. Jumuiya ndogondogo impangie zamu ya kupokea sala nyumbani kwake. Kijiwe cha kahawa kimwachie siku yake ya kununulia wenzake. Asiyeona anaweza kuwa mweka kumbukumbu wa kikundi, kwa kichwa tu, na wengi wao wana kichwa kinachomshinda mwenye daftari. Anayetumia kiti mwendo anaweza kupiga simu za kukumbusha michango, kazi ambayo kila kamati inaikimbia. Wanamichezo wa Special Olympics wana mpango wa timu mchanganyiko, ambapo wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanachezea timu moja. Mchezaji akikosa mazoezi timu inapungua mtu, na anatafutwa. Timu ya taifa ya Tanzania ya soka la watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Mashabiki waliofuatilia walizungumza habari za mabao, pasi na refa, kama inavyotakiwa.

Iringa mjini kuna mfano mwingine ambao umegeuza upande safari yenyewe. Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana na vijana viziwi watatu, kina karakana na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka, au anajaribu ishara mbili tatu za lugha ya alama. Badala ya viziwi kupakiwa kwenye basi kwenda kuwatazama watu wa mji, watu wa mji huenda kwao kunywa kahawa, na anayehangaika kujieleza pale mezani ni yule anayesikia. Bombolulu, Mombasa, kituo kilichoanza 1969, kimefanya jambo la jamaa na hilo: wageni huingia kwenye karakana za watu wenye ulemavu kununua mapambo na mikoba, na muuzaji anapanga bei. Mwenye bidhaa na mnunuzi wanazungumza tofauti kabisa na mfadhiliwa na mfadhili.

Kuna watakaosema kwamba basi, vikundi vya wenye ulemavu peke yao vivunjwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiziwi aliyekaa wiki nzima kazini akisoma midomo ya watu anahitaji jioni na viziwi wenzake kama mhamiaji anavyohitaji kusikia lugha ya kwao. Ukiwaona wamekusanyika chini ya taa ya duka, mikono inaruka, wanataniana, utajua hawahitaji mtu wa kuwajumuisha. Shida yao ni umeme: ukikatika, mazungumzo yote yanakatika mpaka mtu awashe tochi ya simu na kuielekeza kwenye mikono ya anayezungumza. Vyama kama CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, vimewapa watu ndoa, kazi na uongozi. Mahali pa mtu kupumzika pasiguswe.

Wasiwasi wangu uko pale ambapo kikundi cha peke yao kinakuwa ndiyo mlango pekee. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Imesaidia vikundi vingi kuzaliwa. Ila mwanamke mwenye ulemavu ni mwanamke pia, na akiwa na miaka 30 ni kijana pia. Mlango wenye jina lake ukishakuwepo, inakuwa rahisi kwa kila ofisi kumwelekeza huo, na kikundi cha akina mama wa mtaa wake kinabaki bila yeye, tena kikiwa na dhamiri safi.

Burudani nayo ina sehemu zake ambazo hazijaguswa na mradi wowote na bado zinafanya kazi. Banda umiza, kile kibanda cha kutazamia mpira, siku ya Simba na Yanga ni dogo, joto ni kali, mabenchi yamebanana, hakuna mteremko wala mkalimani. Lakini asiyeona anayekuja pale na redio yake ndogo ana kiti chake, jirani anamalizia ambayo mtangazaji ameyaacha, na akitoa utabiri mbovu anazomewa kama wote. Kumzomea ni heshima ambayo mgeni rasmi wa tarehe 3 Disemba hawezi kuitoa. Wapangaji wa matembezi wangeanza na kuuliza mtu huyu anapenda nini, halafu wakatafuta wanaopenda hichohicho mtaani kwake, wakamsindikiza mara ya kwanza na ya pili, na wakajiondoa. Mtu mmoja au wawili kwa wakati, mahali palepale, saa ileile, wiki hadi wiki. Kundi la watu thelathini wenye fulana moja likiingia mgahawani, wateja wengine hutabasamu na kulipisha njia. Mtu mmoja anayekuja kila Jumatano hatimaye anaulizwa jina.

Hoja hii ya deni na kutoa inapata taabu kwa watu wa aina moja, na sitaki kuwaruka. Kuna watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili au mtindio mzito wa ubongo, wasiozungumza, wanaolishwa na kuvishwa. Watachangia nini kwenye kikao? Jibu la kumpa kazi ya kuigiza, kama kumshikisha kikapu cha sadaka ili watu waguswe, silipendi. Baadhi ya familia hufanya jambo bora zaidi: hutoa mchango mdogo kwa jina lake mwenyewe, kando na wa baba, ili lisomwe pamoja na mengine na mtaa ujue nyumba ile ina watu wazima watatu, sio wawili. Lakini kwake faida kubwa ya kutoka ni nyingine. Yote yanayomhusu mara nyingi yamo kichwani mwa mtu mmoja, mama yake, anayejua akigeuza uso ni kukataa, kwamba anaogopa fataki, kwamba uji wake usiwe wa moto, kwamba sauti ile anayoitoa jioni ni ya furaha. Mama huyo ana miaka 67. Kila Jumapili anapomsukuma hadi chini ya mwembe wa jirani na kumwacha hapo nusu saa na watu wawili watatu, anawafundisha yeye mwenyewe, bila semina, mambo ambayo daktari wa zamu hatayakuta kwenye faili lolote.